Viatu vya matairi: vya kisigino, vya kitufe, vya mkanda au skate zenyewe?

Mpwa wangu wa mwisho yuko darasa la nne. Mwezi wa tano alinipigia kwa simu ya mama yake, akaniamkia vizuri kuliko kawaida yake, akauliza habari za kazi, habari za mguu wangu, mpaka habari za kuku wangu. Nikajua kuna jambo. "Mjomba, nataka viatu vya matairi." Kaka yake alishanitoa pesa kwa jambo hilohilo, na dada yake pia. Kwa hiyo hii ilikuwa mara yangu ya tatu kuzunguka Kariakoo na kupekua maduka ya mtandaoni nikitafuta viatu ambavyo mtoto atavivaa, atavifurahia, na havitampeleka hospitali. Mara ya kwanza nilikosea sana. Mara ya pili nilikosea kidogo.

Shida inaanzia kwenye jina. Ukisema "viatu vya matairi" dukani unaweza kuletewa vitu vinne visivyofanana. Kuna raba ya kawaida yenye gurudumu moja lililozama ndani ya kisigino. Hiyo ndiyo Heelys, pamoja na ndugu zake wengi wa kuiga. Kuna raba ya soli nene ambayo ukibonyeza kitufe magurudumu yanachomoza chini, kwa kawaida manne, mawili mbele na mawili nyuma. Kuna magurudumu yenye mkanda, ambayo si kiatu; mtoto anavaa raba yake aliyonayo, halafu anayafunga kisiginoni. Na kuna skate zenyewe, za buti, ama za magurudumu manne yaliyokaa kama ya gari, ama za magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja. Mtoto hajui tofauti, na hata akijua atasema zozote, maana kichwani mwake kuna picha moja tu: mtoto mwenzake aliyepita mbele yake bila kusogeza miguu, kama vile sakafu ndiyo inayotembea.

Kabla ya kiatu, tazama chini

Swali ambalo sikujiuliza mara ya kwanza ni hili: atateleza wapi? Wapwa zangu wakati ule walikuwa wanaishi nyumba ya kupanga, uwanja wa mchanga, baraza ya saruji iliyopasukapasuka, na nje barabara ya vumbi yenye kokoto. Nikawanunulia magurudumu. Ni sawa na kumnunulia mvuvi wa Dodoma mtumbwi.

Gurudumu dogo halisamehe. Likikutana na kokoto yenye kimo kinachokaribia nusu ya kimo cha gurudumu lenyewe, halipandi. Linasimama palepale, na mtu aliye juu yake anaendelea na safari peke yake. Gurudumu kubwa hulipanda jiwe hilohilo kwa urahisi, ndiyo maana baiskeli inapita mahali ambapo toroli la sokoni linakwama. Sasa linganisha: magurudumu ya skate za mstari mmoja za watoto wakubwa na watu wazima mara nyingi yana kipenyo cha milimita 70 hadi 80. Za magurudumu manne za buti huwa milimita 57 hadi 65 hivi. Ya kwenye kisigino na yale ya kitufe ni madogo zaidi, mengi hayafiki hata nusu ya yale ya mstari, kwa sababu lazima yaenee ndani ya soli. Maana yake raba ya kisigino inahitaji sakafu laini kabisa: marumaru, terazo, saruji iliyopigwa niru vizuri. Kwenye lami ya mtaani inatetemeka mpaka meno. Kwenye vibloku vya kupanga uani kila mwunganiko ni kizingiti.

Kwa hiyo pita kwanza mahali atakapochezea ukiwa umevaa ndala, buruza mguu. Ukisikia mchanga unasaga chini ya ndala, viatu vya kisigino na vya kitufe vifute kwenye orodha. Kama pana lami nzuri au saruji ya uwanja wa mpira wa kikapu, fikiria skate. Kama hapana chochote kati ya hivyo, mnunulie baiskeli, na usome makala nyingine.

Jambo jingine la sakafu ni maji. Marumaru iliyopigwa deki dakika tano zilizopita ni hatari hata kwa miguu mitupu, sembuse kwa gurudumu.

Gurudumu la kisigino

Wazo hili ni la Mmarekani Roger Adams, mwanasaikolojia aliyekulia kwenye familia ya watu wa skate. Mwaka 1998, akiwa Huntington Beach, California, akiwaangalia vijana wakiteleza kwa mbao za magurudumu, alipasua kisigino cha raba akatia humo gurudumu la ubao pamoja na chuma cha kulishikilia. Kampuni yake ikakua Carrollton, Texas. Desemba 2006 iliingia soko la hisa la NASDAQ kwa dola 21 kwa hisa. Mwanzoni mwa 2013 ikauzwa nzima kwa dola 2.25 kwa hisa. Nakutajia bei hizo kwa sababu ndiyo hadithi ya kiatu chenyewe nyumbani kwako: mtoto atakivaa kama kichaa kwa miezi michache, halafu utakikuta chini ya kitanda. Mamilioni ya watoto wa Marekani na Uingereza walifanya hivyohivyo, ndiyo maana soko la mitumba lina jozi nyingi. Nitarudi huko.

Uzuri wake ni kwamba kabla ya kuwa na gurudumu, ni raba. Mtoto anatembea nayo, anapanda daladala nayo, anasimama foleni. Gurudumu hutolewa kwa kifaa kidogo kinachokuja kwenye boksi, na mahali pake huwekwa kizibo cha plastiki, hapo inabaki raba ya kawaida tu. Akitaka kuserereka, anakimbia hatua mbili tatu, anatanguliza mguu mmoja mbele ya mwingine, anainua vidole, uzito wote unakaa kwenye visigino. Kusimama ni kuinua vidole zaidi mpaka mpira wa nyuma ya kisigino uburuze chini. Kinachowaangusha wengi ni kushusha vidole ghafla wakiwa kwenye mwendo, maana sehemu ya mbele ya soli ni raba kavu na inashika sakafu papo hapo.

Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Kiatu kinaonekana rahisi kwa sababu ni raba, kumbe ndicho kigumu kujifunza kuliko vyote vinne. Unasimama juu ya nukta mbili tu, moja kwa kila mguu, na zote ziko nyuma. Mtoto akiegemea nyuma kidogo anakwenda chali. Kiangazi cha 2006 hospitali moja ya watoto mjini Dublin, Ireland, ilihesabu majeruhi wa viatu vya kisigino na vya mkanda: watoto 67 ndani ya wiki 10. Wengi waliumia mikono, kifundo cha mkono hasa, kwa kuwa mtu anayeanguka nyuma hutupa kiganja chini. Mmoja kati ya watano aliumia siku ya kwanza kabisa kuvaa, na zaidi ya theluthi walikuwa bado wanajifunza. Ukisoma takwimu hizo kwa jicho la mjomba, zinasema kitu kimoja: siku za mwanzo ndizo za kukaa naye, umemshika mkono, usiwe unachati.

Zipo aina za kisigino zenye magurudumu mawili yanayofuatana. Kwa anayeanza zina utulivu zaidi, ingawa mpwa wangu mkubwa aliziita "za watoto", na yeye alikuwa na miaka kumi.

Nani zinamfaa? Mtoto wa miaka minane na kuendelea, mwenye mwili mwepesi, anayeishi au anayesoma penye sakafu laini, na anayetaka kutembea zaidi kuliko kuteleza. Na mzazi ambaye yuko tayari kutoa gurudumu kabla ya kwenda dukani. Enzi zile za 2006 na 2007 maduka makubwa na shule nyingi za ng'ambo zilipiga marufuku viatu hivi, na walinzi wetu wa hapa hawahitaji tangazo kutoka ng'ambo. Wakimwona mtoto anapita baina ya kina mama wenye vikapu wanamsimamisha. Kizibo kikiwa mahali pake hakuna ugomvi. Kikipotea, na kitapotea, kisigino kinabaki na tundu linalomeza kokoto.

Kitufe

Hivi ndivyo utakavyoletewa mara nyingi zaidi Kariakoo na mtandaoni, na ndivyo vinavyong'aa kuliko vyote: taa za rangi pembeni ya soli, waya wa kuchajia, mabawa wakati mwingine. Mtoto akiviona ameshakwisha. Hivi ndivyo nilivyonunua mara ya kwanza, kwa hiyo nisikilize kwa makini kidogo.

Wazo lake kwenye karatasi ni zuri kuliko la kisigino. Magurudumu manne chini ya mguu, mtoto anasimama wima kama kwenye skate, hahitaji kuinua vidole. Akichoka anabonyeza, yanaingia ndani, anatembea. Siku ya kwanza sebuleni kwa dada yangu ilikuwa sherehe.

Ila ili magurudumu manne yaingie ndani ya soli, soli lazima iwe pango. Inakuwa nene, nzito, na haikunjiki. Mtoto anatembea kama amevaa matofali. Kile kifuniko cha chini kinachofunika magurudumu kikikanyaga mchanga, mchanga unaingia kwenye springi, na springi yenye mchanga haina adabu: ama haifungui, ama haifungi. Pwani kuna unyevu na chumvi, kwa hiyo baada ya msimu mmoja wa mvua kutu nayo inadai sehemu yake. Za mpwa wangu zilianza kwa kugoma mguu wa kushoto. Anabonyeza, magurudumu ya kulia yanatoka, ya kushoto yamelala. Mtoto mwenye akili angevua. Yeye alijaribu kuserereka kwa mguu mmoja, akapiga kabati, na kabati likashinda.

Kuna hatari moja hapa ambayo ni kubwa kuliko kugoma: magurudumu kujikunja mtu akiwa juu yake. Kiatu kikiwa na kufuli dhaifu, uzito ukihama ghafla kinarudi ndani. Ndiyo maana kama umeamua lazima iwe hivi, usinunue bila kuvishika mkononi. Toa magurudumu, geuza kiatu, weka kiganja kwenye magurudumu usukume kwa nguvu zako zote, ukipindisha kulia na kushoto. Yakicheza, rudisha. Bonyeza kitufe mara kumi mfululizo kila mguu. Tikisa kiatu karibu na sikio. Kikilia njuga kabla hujalipa, baada ya mwezi kitalia ngoma. Zungusha gurudumu kwa kidole: lenye beringi litaendelea kuzunguka lenyewe, lisilo nayo linasimama mara moja kwa mkwaruzo wa plastiki. Ya pili hiyo mwachie muuzaji.

Maoni yangu sitayaficha. Kama kiatu ni kibaya kuliko raba na kama skate ni dhaifu kuliko skate. Kinachofanya vinunuliwe ni taa.

Mkanda

Hapa sina mengi. Ni fremu ya plastiki yenye magurudumu mawili, inakaa chini ya kisigino cha raba yoyote, inafungwa kwa mkanda juu ya mguu. Razor Jetts ndizo zinazojulikana zaidi. Hizo wenyewe wanasema ni kwa miaka 9 na kuendelea na uzito usiozidi kilo 80. Faida yake kubwa kwa mjomba ni kwamba hazina saizi ya kuumiza kichwa. Mguu ukikua unalegeza mkanda. Ndugu wawili wanaweza kuzigombania jozi moja, na kaka mtu akizichoka zinakwenda kwa mdogo wake. Pia zinavuliwa kwa sekunde chache, kwa hiyo hazileti ugomvi mlangoni mwa duka.

Ubaya wake ni uleule wa kisigino, uzito wote nyuma, na ziada ya mkanda unaolegea. Raba laini ya kitambaa haifai kabisa, kisigino kinayumba juu ya fremu. Inatakiwa raba ya soli bapa na kisigino kigumu. Baadhi zina kipande cha nyuma cha kutoa cheche ukikiburuza. Wavulana wanakipenda. Mimi nilikifungua kwa bisibisi siku ileile, kwa sababu mtungi wa gesi wa dada yangu uko karibu na mlango wa uani.

Nilizijaribu mwenyewe jioni moja watoto wakiwa shuleni. Niko chini ya kilo 80, ningependa hilo liandikwe. Nilikwenda kama hatua nne za kibinadamu, nikashikilia friji, friji ikafunguka. Tuliokoa mayai manne.

Skate zenyewe

Watu huogopa skate kwa sababu zinaonekana ni za wataalamu, wakadhani kiatu chenye gurudumu moja ndicho cha kuanzia. Mimi naona ni kinyume. Buti inashika kifundo cha mguu, magurudumu yako mbele na nyuma, uzito unakaa katikati pale mwili ulipozoea kukaa. Mwanzoni mtoto ataanguka, lakini mara nyingi anaweza kuangukia mbele, kwenye magoti, ambako kinga ipo na macho yanaona. Na kuna mahali pa kufika: leo anajifunza kwenda mbele, mwezi ujao anarudi nyuma, mwaka ujao anageuka hewani. Kwenye kisigino ukishajua kuserereka, umeshajua.

Ndani ya skate kuna chaguo la pili. Za magurudumu manne ya gari zilipata akili mwaka 1863, pale James Plimpton wa New York alipoweka kipande cha mpira kati ya soli na ekseli ili mtu akiegemea upande, magurudumu yafuate upande huo. Kabla yake skate zilijua kwenda mbele tu. Ni tulivu ukiwa umesimama, ni nzuri kwa kucheza muziki, zinapenda sakafu laini. Za mstari mmoja zilipata umaarufu kupitia ndugu wawili wa Minnesota, Scott na Brennan Olson, mwaka 1980, wachezaji wa hoki ya barafuni waliotaka kufanya mazoezi wakati barafu hakuna. Hizi zina magurudumu makubwa zaidi, zinavumilia lami, zinakwenda kasi. Kwa miji yetu, ambako sakafu laini ni ya kutafuta na lami angalau ipo, naegemea za mstari. Nairobi Jumapili, kandokando ya Aga Khan Walk na viwanja vya kuegesha magari vya katikati ya mji, utawakuta vijana na watoto juu ya lami hiyohiyo, na wapo wanaokodisha kwa muda. Ukiwa karibu na sehemu ya namna hiyo kodi kwanza. Saa moja itakwambia kama mtoto ana moyo wa kuanguka na kuinuka, na imekugharimu kidogo kuliko nauli ya kwenda kununua.

Za mstari za watoto nyingi zinarefuka. Utaona zimeandikwa 31–34, 35–38, 39–42. Kuna kitufe au skrubu, buti linavutwa mbele mguu unapokua. Hili peke yake linashinda hoja nyingi, kwa sababu raba ya kisigino na ya kitufe hubaki na saizi yake, na mguu wa mtoto wa miaka tisa haukusubiri.

Angalia maandishi kwenye gurudumu. Namba kama 78A au 82A ni gurudumu laini kidogo, la nje. 95A na kwenda juu ni gumu, la ndani ya ukumbi. Ukilipeleka kwenye lami litakutikisa. Kama hakuna namba yoyote na gurudumu linang'aa kama kikombe cha plastiki, ni la plastiki kweli. Ukucha ukilikandamiza halishituki. Hizo ni za mapambo, zinateleza kwenye marumaru kama sabuni na zinapiga kelele mpaka jirani anakuja.

Spea nazo zihesabu. Beringi za skate karibu zote ni 608: tundu la milimita 8, upana wa nje milimita 22, unene 7. Ndiyo hiyohiyo ya mbao za magurudumu, na ndiyo iliyokuwa katikati ya vile vidude vya kuzungusha vidoleni vilivyowachanganya watoto mwaka 2017. Maduka ya beringi yanazo, huhitaji kuagiza ng'ambo. Ikijaa vumbi ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe kabisa, tone moja la oili ya cherehani, basi. Gurudumu la kisigino kwa upande wake lazima lilingane na tundu la soli yake, kwa hiyo hakikisha muuzaji ana la akiba kabla hujanunua.

Ubaya wa skate ni mmoja na ni mkubwa: si viatu. Lazima mtoto abebe raba nyingine, avae, avue. Hawezi kupanda ngazi, hawezi kuingia dukani. Kama alichokuwa anakitaka ni kuwashangaza wenzake wakati wa mapumziko, skate hazimpi hilo.

Jozi yenye tundu kisiginoni

Nimesema nitarudi kwenye mitumba. Ukipita Karume au Gikomba kuna siku utaokota raba nzuri, soli haijalika, halafu kisiginoni kuna shimo la mviringo. Muuzaji atakwambia ni staili, au ni ya kupitisha hewa. Mmoja aliniambia ni ya kuweka chipu. Hiyo ni raba ya gurudumu iliyopoteza gurudumu lake. Bei inakuwa ya raba ya kawaida, tena anakupunguzia kwa sababu ya shimo.

Je, ununue? Kama unaweza kupata gurudumu la saizi yake, ndiyo, lakini chunguza kingo za ndani ya tundu. Kuna ukingo wa plastiki ngumu unaoshika chuma cha gurudumu. Ukiwa umepasuka au umelika, gurudumu litachomoka njiani, na hapo fundi viatu hana gundi ya kukusaidia. Vuta pia soli ya nyuma kuona kama imeanza kuachana. Raba iliyokaa miaka mingi ghalani gundi yake hukauka.

Kinga

Chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani, wakati wa homa ile ya viatu vya kisigino, kilishauri helmeti, kinga za vifundo vya mikono, viwiko na magoti. Watoto hawataki, kwa kuwa uzuri wote wa raba ya gurudumu ni kuonekana umevaa raba tu. Kama pesa inatosha vitu viwili, nunua helmeti na kinga za vifundo vya mikono. Helmeti ya skate hushuka chini zaidi upande wa kisogo kuliko nyingi za baiskeli, na kwa viatu vya kisigino na vya mkanda kisogo ndicho kinachotafuta sakafu. Magoti yataota kovu na kupona.

Pesa ya kinga itoe kwenye bajeti ya viatu, usiisubirie mwezi ujao. Mwezi ujao una ada.

Nilichomnunulia

Wa darasa la nne na ndugu zake sasa wanaishi nyumba nyingine, uani kuna saruji safi, na mita mia kutoka hapo kuna kipande cha barabara ya lami iliyofungwa kwa ajili ya ujenzi usioendelea. Sakafu yenyewe ikaamua nusu ya mambo. Angekuwa anaishi ghorofani kwenye korido ya marumaru, na mlinzi mpole, ningechukua ya kisigino yenye magurudumu mawili. Angekuwa hana hakika na anachokitaka, au wangekuwa wawili wa kugawana, mkanda. Kitufe nisingechukua hata kwa bure, na nasema hivyo nikijua wapo wazazi ambao zao zimedumu. Walikuwa na bahati au na sebule kubwa.

Nikamnunulia za mstari, saizi 31–34, magurudumu 80A, pamoja na helmeti iliyokuwa ya dada yake. Alipofungua boksi uso ulishuka. "Mjomba, hazina taa." Nilimpa wiki. Siku ya nne dada yangu alinitumia video, mtoto anapita kwenye ile lami mikono imetanuliwa kama anakausha nguo, ulimi nje, na nyuma yake kaka yake mkubwa, yule wa kabati, anakimbia kwa miguu akiomba zamu. Mguu wake ni saizi 40.